Nguvu za kiume: kabla ya kununua vumbi la Kongo, pima sukari na presha

Kila msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba na hela ikiingia mifukoni, naona jambo lilelile katika chumba changu cha kuonea wagonjwa hapa Lindi. Mwanaume anakaa, anasema kiuno kinamuuma. Namuuliza kimeanza lini. Ananyamaza, anatazama kama mlango umefungwa vizuri, ndipo anasema jongoo hapandi mtungi, mwaka wa pili sasa. Mwaka wa pili! Muda wote huo amekunywa kila alichouziwa stendi, ila kidole chake hakijawahi kuchomwa kupimwa sukari. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana.

Daktari, kupungukiwa nguvu za kiume ni nini hasa?

Ni uume kushindwa kusimama, au kusimama kisha kulegea kabla ya tendo kukamilika, na hali hiyo kujirudia kwa miezi. Usiku mmoja umeshindwa baada ya kutwa nzima shambani, au baada ya kunywa uraka mwingi, huo si ugonjwa. Uume husimama kwa damu: mishipa hufunguka, damu huingia na kubanwa humo ndani. Kwa hiyo kinachoharibu mishipa ya damu na ya fahamu huharibu na nguvu za kiume.

Nina miaka 48, nalima korosho Ruangwa. Natumia vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume, linanisaidia kiasi. Niendelee nalo?

Hapana, kaka yangu. Acha leo.

Muuzaji wa vumbi hilo hajui, na wewe hujui, ndani kuna nini. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimeshakamata dawa zinazoitwa za asili, zikapimwa, zikakutwa zimesagiwa vidonge vya hospitali vya kusimamisha uume bila kipimo chochote. Ukiona linafanya kazi haraka, hilo si jambo la kukutuliza, ni la kukutia wasiwasi. Mwenye moyo mbovu anaweza kuanguka.

Lakini hilo silo linaloniumiza zaidi. Kinachoniumiza ni muda. Wakati unalamba vumbi, sukari iliyo juu inaendelea kula mishipa yako kimyakimya. Nawapokea wanaume wa umri wako wakija kwa kidonda cha mguu kisichopona, na nikiuliza vizuri naambiwa nguvu za kiume zilianza kupungua miaka mitatu nyuma. Ile ndiyo ilikuwa taarifa. Angepima siku ile, huenda tungekuwa tunazungumza habari za chakula na vidonge, si za kukata kidole cha mguu. Pima sukari. Pima presha. Kisha tuzungumze mengine.

Mimi sina dalili yoyote ya kisukari wala presha. Kwa nini nipime?

Kwa sababu presha mara nyingi haina dalili, na kisukari cha watu wazima huweza kukaa miaka bila kujitangaza. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2 tu, ile ya moyo ni minene zaidi. Uchafu ukianza kuziba mabomba ya nyumba, bomba jembamba ndilo linaanza kukataa maji. Ndiyo maana uume huweza kulegea miaka kadhaa kabla ya moyo kuanza kulalamika. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa kupimwa zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya juu. Sukari ya asubuhi kabla hujala ikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, ikarudiwa ikasoma vivyo hivyo, una kisukari, ujisikie vibaya au usijisikie.

Mtalaka wangu wa Nachingwea aliapa sitafaidi ndoa nyingine. Nimefungwa, hili si la hospitali.

Mzee wangu, imani yako siigusi. Nakuuliza tu: usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Kiu je? Suruali imeanza kukulegea kiunoni? Miguu inachoma au ina ganzi? Wengi wakifika hapo huniangalia kama mimi ndiye mganga, maana nimeyataja yote bila kupiga ramli. Hayo ni maswali ya kisukari. Ukitaka kwenda kufunguliwa nenda, lakini pitia zahanati kwanza. Usiende kwa mganga ukakaa miezi sita kilingeni huku sukari haijapimwa. Narudia: sukari kwanza.

Vile vidonge vya hospitali vina ubaya gani? Duka la dawa wananiuzia bila cheti.

Dawa hiyo, sildenafili, ni nzuri ikiandikwa na aliyekupima. Inaanza kufanya kazi ndani ya dakika 30 hadi 60, na hamu lazima uwe nayo mwenyewe, kidonge hakileti hamu. Ubaya uko kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama zile za kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Zikikutana hizo mbili, presha hushuka ghafla kiasi cha kuua. Tafadhali usiazimane vidonge na rafiki. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulegea, nenda hospitali usiku huohuo. Ukisubiri kuche kwa aibu, unaweza usisimame tena maisha. Mwenye selimundu, yaani sikoseli, awe makini zaidi na hili.

Supu ya pweza, mihogo mibichi, karanga na nazi?

Ni chakula. Kula kwa kiasi. Havitibu kisukari.

Nina miaka 24, nasoma Mtwara. Nilipiga punyeto sana, nimeambiwa mishipa imekufa.

Haijafa, mdogo wangu. Punyeto haiui mishipa, na anayekuambia hivyo mara nyingi ana chupa ya kukuuzia. Ukiamka asubuhi uume umesimama, mitambo inafanya kazi. Tatizo lako huenda ni hofu ya kushindwa, na hofu hulegeza kweli. Acha sigara, lala vya kutosha, zungumza na mtoa huduma. Hata hivyo kupima presha na sukari hakukupunguzii kitu.

Mume wangu anachelewa kurudi makusudi anikute nimelala. Nadhani ana mwanamke mwingine.

Huenda, dada. Lakini nimewaona wengi wanaokimbia kitanda kwa aibu tu. Kabla ya kumtolea vyombo nje, mwambie kwa upole: twende tukapime wote sukari na presha. Wanaokuja na wake zao hurudi kliniki. Wanaokuja peke yao wengi hupotea.

Tangu nianze dawa za presha nguvu zimepungua. Niziache?

Usiache. Usiache hata siku moja kwa uamuzi wako. Ni kweli baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu, na ndiyo sababu zipo nyingine za kubadilishiwa. Njoo useme. Ukiacha, presha inaweza kupanda ukapooza, na kupooza upande mmoja hakutakurudishia nguvu za kiume.

Nikitibiwa kisukari, nguvu zitarudi?

Ukiwahi, mara nyingi hali inakuwa nzuri, hasa ukiacha sigara, ukipunguza pombe na tumbo. Ukichelewa miaka, mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi yote, hapo tutasaidiana na dawa. Ndiyo maana nakasirika nikisikia "mwaka wa pili".

Naona aibu kusema mapokezi. Nifanyeje?

Mapokezi sema tu unataka kupimwa sukari na presha, inatosha. Mlango ukifungwa, niambie la kweli, usinipe habari za kiuno. Zahanati au kituo cha afya cha karibu kinatosha kuanzia. Ikihitajika zaidi utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Sokoine hapa Lindi, au ya Ligula kwa wa Mtwara. Njoo asubuhi, hujala wala hujanywa chai, na ubebe dawa zote unazotumia, pamoja na ile ya stendi.