Kutunza: ujasiri wa msikilizaji wa taarab

Wageni wanaokuja kusikiliza taarab hapa Unguja huniuliza swali lile lile: mbona watu hawamwachi mwimbaji akaimba? Ubeti haujaisha, bibi mmoja keshatoka viti vya nyuma, anakuja mbele kwa madaha, noti juu, anacheza kidogo, anampa mwimbaji, anarudi zake. Nyuma yake wameshajipanga wengine. Kwa asiyejua, hiyo ni fujo, au majisifu ya pesa. Mimi napiga fidla na kufundisha waimbaji chipukizi, na kwangu kutunza, yaani huko kumpa mwimbaji noti huku anaimba, ni nusu ya shughuli yenyewe.

Kuna kanuni zake, ijapokuwa hakuna aliyetubandikia ukutani. Kwanza, hutunzi wimbo, unatunza mshororo. Anayetaka kutunza hukaa akiyasubiri maneno yake. Yakifika, huyo ananyanyuka. Ukumbi mzima umeona kanyanyuka wapi, na hapo kila mtu anapiga hesabu zake: mshororo ule, mtu yule, na yale tuliyoyasikia juzi mtaani. Pili, maneno si yake. Katunga malenga, kaimba mwimbaji, yeye katoa noti tu. Akiulizwa kesho, "Ulinikusudia mimi?" jibu analo: "Wimbo mtamu, shoga, umenikuna." Sitara hiyo ndiyo inayompa moyo mtu ambaye asingethubutu kusimama mbele ya watu akasema lake.

Nakumbuka harusi moja ya Ng'ambo, mtaa wa hapa mjini. Walikuwapo mawifi wawili wasiosemezana, na habari zao zilijulikana hata na sisi wapigaji. Ulipofika mshororo wa kuombana radhi, yule mdogo akasimama, lakini hakuja jukwaani moja kwa moja. Alikwenda hadi kwenye kiti cha wifi yake, akatulia pale, noti kaikunja kwa urefu kaibana kati ya vidole viwili. Mwimbaji akaona. Akaurudia mshororo, nasi tukarudi naye. Mpiga qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, alitupa jicho tu, tukafahamu kwamba hatuendi mbele mpaka litokee jambo. Tulizunguka pale pale mpaka yule mkubwa akafungua kipochi, akatoa noti yake, wakaja mbele wote wawili. Hawakutazamana, lakini walikuja pamoja.

Nisikudanganye, fumbo hukata kuwili. Mshororo uliopatanisha watu leo, kesho mwengine atautumia kumchoma jirani, na mipasho imevunja urafiki mwingi. Ila hata ugomvi wa namna hiyo una adabu yake: uliyepigwa fumbo unangoja wimbo wako, nawe ukatunze.

Anayeimba naye anahitaji moyo. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa zamani, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alisemwa sana mjini: kaja na kaniki, kawa mtu lini? Akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Zamani taarab ya majumba ya wakubwa iliimbwa Kiarabu. Yeye aliimba Kiswahili, na mimi naamini hapo ndipo msikilizaji wa kawaida alipopata nafasi ya kujibu. Utatunza vipi maneno usiyoyaelewa?

Darasani simwanzishi mtu kwa ubeti. Anakaa na waitikiaji kwanza, sauti yake imejificha ndani ya sauti za wenzake. Akizoea, nampa ubeti mmoja, na anajua kiitikio kipo kumpokea, kisha ala zitajaza nafasi hadi apate pumzi. Wengi hutetemeka zaidi wanapotunzwa mara ya kwanza kuliko wanapofungua mdomo. Mtu anakusogelea uso kwa uso huku unaimba, na hutakiwi kukwepa macho wala kupoteza pigo. Kwa hiyo tunalifanyia mazoezi: mwanafunzi mmoja anaimba, wenzake wanamjia mmoja mmoja na karatasi mikononi, na yeye anapokea bila kukata sauti.

Nawe ukija kwenye taarab, chenji noti ndogo ndogo mapema. Simu iache mkobani, maana watu hawanyanyuki kwenye mshororo wanaoutaka wakijua wanarekodiwa. Ukimaliza kutunza, usisimame pale mbele: zunguka, rudi kitini, kuna mwenzako anasubiri ubeti wa tatu.