Huyo mshauri wako analipwa na nani?

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Njoro aliingia ofisini kwangu hapa Nakuru na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na fomu ya bima ya akiba, yaani bima ya maisha inayokuwekea pia akiba: shilingi 200,000 kila mwaka kwa miaka 10. Ilibaki kutia sahihi tu.

"Aliyeniletea ni kijana mwenye heshima sana," akaniambia.

"Mwalimu, huyo kijana analipwa na nani?"

Akanyamaza.

Katika kazi hii ya ushauri wa uwekezaji, hilo ndilo swali ninalotamani kila mteja angeuliza kabla ya kuuliza habari za faida. Anayekushauri bure kwa kawaida hulipwa na kampuni ambayo mali yake anakuuzia. Kamisheni ni halali, na mawakala wengi ni watu waadilifu, lakini ndiyo inayoamua utaonyeshwa nini na utafichwa nini. Katika bima ya akiba, sehemu kubwa ya malipo ya mwanzo huishia kwenye kamisheni na gharama. Ndiyo maana ukiacha kulipa mwaka wa kwanza au wa pili, mara nyingi huambulii chochote. Mzazi wa miaka 30 mwenye watoto wadogo anaweza kuihitaji sana bima hiyo. Mwalimu ana miaka 60 na anaishi kwa pensheni. Akilazwa hospitalini mara moja tu, malipo ya mwaka wa pili atayatoa wapi?

Sasa tazama ambacho hakuambiwa. Serikali hukopa kwa wananchi kupitia Benki Kuu kwa siku 91, 182 au 364. Hizo ndizo bili za hazina. Unalipa pungufu ya thamani iliyoandikwa, muda ukitimia unapokea thamani kamili. Tofauti ndiyo riba yako, na hukatwa kodi ya asilimia 15. Tangu 2023 mtu anaweza kujifungulia akaunti ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia bili hizo, kwa simu na kujinunulia mwenyewe, na hapo hakuna wakala anayepata kamisheni. Nani basi atapanda matatu hadi Njoro kukueleza habari hizo?

Hata kwenye mifuko ya soko la fedha, inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza kwa muda mfupi, uliza kama kiwango kinachotangazwa ni kabla au baada ya ada na kodi. Ada ya asilimia 2 kwa shilingi milioni moja ni 20,000 kila mwaka.

Leseni nayo ikaguliwe. Mshauri wa uwekezaji huipata kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wakala wa bima kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Leseni ya kuuza bima haimpi mtu ruhusa ya kukupangia hisa. Tafuta jina lake kwenye orodha ya mamlaka husika. Beji ya shingoni haitoshi.

Mwalimu alimpigia kijana simu pale pale. Kijana hakumficha: hulipwa na kampuni, na malipo yake makubwa ni ya mwaka wa kwanza. Mwalimu akamshukuru, akakata simu, akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu, nani anakulipa?"

"Ni wewe, Mwalimu." Nikamsogezea karatasi ya ada yangu. Akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kabla ya kutoa pesa.