Bima ya kiwanda cha mafuta ya bangi California: anza kusoma kurasa za nyuma

Wiki hii nimepigiwa simu tatu na zote zimeanza na swali moja, "kaka, bima ya kiwanda cha bangi inaenda bei gani?" Mimi ni broka wa bima hapa California, na wateja wangu wengi ni hawa wanaopokea bangi iliyovunwa wakaigeuza kitu kingine, mafuta, katriji za vepu (sigara za mvuke), gami (pipi laini za kutafuna), chokoleti, mpaka kremu za kupaka magoti. Jibu langu ni lilelile kila siku, bei tutaongea mwisho, kwanza nipitishe kiwandani kwako kuanzia mlango mzigo unapoingilia mpaka mlango unapotokea, na kila tulipo nitakuuliza hapa kikiharibika kitu nani analipa.

Kwa sababu kuna jambo watu hawaambiwi. Kurasa za mbele za mkataba wa bima zina jina lako, kiasi kikubwa cha pesa na ada ya mwaka, zinapendeza kweli. Kurasa za nyuma ndo zinasema wasicholipa. Kwenye biashara hii kurasa za nyuma ni nyingi kuliko za biashara yoyote nyingine niliyowahi kuikatia bima, na mikataba miwili yenye dola milioni 1 mbele inaweza kutofautiana kama mchana na usiku ukiifungua nyuma.

Tuanze na sheria maana ndiyo mzizi. Bangi kwenye sheria ya shirikisho iliwekwa daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku mwaka 1970. California waliihalalisha kwa watu wazima kwa kura ya 2016 na maduka yakaanza kuuza Januari 1, 2018. Bima nayo Marekani inasimamiwa na majimbo, kuna sheria ya bunge ya 1945 iliyoliweka hilo sawa, kwa hiyo kampuni inaweza kukukatia bima kihalali mbele ya jimbo huku yenyewe ikiiogopa Washington. Ndo maana kampuni kubwa unazoziona kwenye matangazo ya tivii nyingi hazitaki hata kuisikia kazi yako.

Sasa ukishakatiwa, mahakama itasimama na wewe? Kuna kesi mbili huwa nawasimulia wateja. Hawaii mwaka 2012, mtu aliibiwa mimea yake ya bangi ya matibabu, akadai bima ya nyumba, jaji wa shirikisho akasema siwezi kulazimisha malipo yanayopingana na sheria ya shirikisho, yakaishia hapo. Halafu Colorado, moto wa Waldo Canyon wa Juni 2012 ulileta moshi na majivu kwenye shamba na duka la Green Earth Wellness Center pale Colorado Springs, kampuni ya bima ikagoma kulipa, mwaka 2016 jaji Marcia Krieger akakataa ule utetezi wa kwamba bangi ni haramu, maana kampuni ilijua inamkatia nani bima na ikapokea ada yake. Lakini ona kilichofuata, mimea iliyokuwa bado inakua haikulipika kwa sababu mkataba ulitenga, yaani ulikataa kulipia, mazao yaliyo shambani, wakati maua yaliyokwisha vunwa yalihesabika kama bidhaa za stoo. Kesi nzima ikawa juu ya neno moja linamaanisha nini! Toka niisome ile hukumu sikubali mkataba wowote usioitaja bangi kwa jina lake, na kama kuna kifungu cha "shughuli zilizo kinyume cha sheria" naomba kiandikwe wazi kwamba hakiihusu bangi yenye leseni ya jimbo. Wasipokubali kuandika tunaondoka, hata kama bei ni nzuri.

Kuhusu kampuni zenyewe ntapita haraka. Zipo zilizoidhinishwa moja kwa moja na jimbo, ya kwanza California kwa biashara za bangi ilikuwa Golden Bear mwishoni mwa 2017, na zipo za soko la pembeni ambazo broka mwenye leseni maalumu anaruhusiwa kukupeleka zile za kawaida zikikataa. Viwanda vingi vinaishia huku pembeni. Sio wezi, ila jua mambo mawili. Utalipa kodi ya jimbo ya asilimia 3 juu ya ada, na kampuni ikifilisika ule mfuko wa dhamana wa California hautakulipa klemu yako, yaani madai yako ya bima. Kwa hiyo uliza kampuni imepewa daraja gani na A.M. Best, wale wanaopima uwezo wa kifedha wa kampuni za bima, broka wako asipojua hilo papo hapo tafuta mwingine.

Haya twende kiwandani, mlango wa mzigo. Swali langu la kwanza pale huwashtua watu: hii bangi ni ya nani? Wakamuaji wengi hawanunui malighafi, wanaletewa na mkulima, wanamkamulia, wanagawana mafuta au wanatoza ada ya kazi. Sasa bima ya kawaida ya dhima, ile ya mtu baki akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu yako, inatenga mali ya wengine iliyo chini ya uangalizi wako. Niliwahi kukaa mezani na kijana mmoja amekuja kwangu baada ya msiba kutokea, friza ilizima usiku wa Jumamosi, bangi mbichi iliyogandishwa ya mkulima ikayeyuka yote na kuoza mpaka Jumatatu. Mkataba aliokuja nao ulisema milioni 1. Bima ya mali ikamwambia hii sio mali yako, bima ya dhima ikamwambia hii iko mikononi mwako, na mkulima anataka hela yake. Iliniuma sana, maana aliyemuuzia ule mkataba hakuwahi kumuuliza mzigo ni wa nani, na kinga ya mali ya wateja iliyo mikononi mwako ipo, ni nyongeza tu ya kuombwa. Na friza kuzima ni kinga nyingine tena, ya kuharibika kwa mitambo na kuharibika kwa bidhaa zinazohitaji ubaridi, usidhani imo ndani ya bima ya moto.

Chumba cha kukamulia. Hapa ndo roho ya ada yako ilipo. Ukikamua kwa barafu na maji, au kwa joto na mgandamizo, wanakuona kama jiko la mikate. Ukitumia ethanoli wanaanza kukohoa. Ukitumia butani au propani, ile leseni ya jimbo wanayoita Type 7, fomu ya maombi inakuwa nene kama daftari. Wana sababu. Butani inachemka karibu na nyuzi 0, ikivuja inakuwa gesi nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni kimya kimya, na ikifika chini kidogo ya asilimia 2 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha. Mei 16, 2020 jengo moja Boyd Street, katikati ya Los Angeles, liliwaka na kulipuka, ndani kulikuwa na makopo ya butani, na wazimamoto zaidi ya 10 waliumia. Toka hapo nimeona kampuni za bima zinataka picha za kila kona.

Wanachotaka kuona: mfumo uliofungwa usioachia gesi nje, barua ya injinia mwenye leseni aliyeukagua, kibali cha zimamoto wa eneo lako, umeme wa chumba kile uliojengwa kwa mazingira ya mlipuko, sensa za gesi na feni zinazofanya kazi. Hivyo vingi sheria yenyewe inadai, kwa hiyo unavyo. Shida inakuja kwenye kifungu cha ulinzi, kile kinachosema bima inategemea alamu, sensa, kamera na sefu kuwa zinafanya kazi muda wote. Ukikisaini umeahidi. Sensa ikizimwa siku mbili kwa sababu inalia ovyo, na moto ukatokea siku ya pili, kampuni ina haki ya kukataa. Naomba sana, kabla ya kusaini mwite yule anayeshinda mle chumbani, sio meneja wa ofisini, msomee kifungu mstari kwa mstari na umuulize hii tunaifanya kweli? Kama jibu ni "mara nyingi", tubadilishe maneno ya mkataba au tubadilishe kazi.

Jambo lingine la chumba hiki ni muda wa kurudi kazini. Watu wanakata bima ya mapato yaliyopotea ya miezi mitatu wakidhani mashine mpya inaletwa kwa wiki nne. Mashine italetwa, lakini injinia lazima aukague upya mfumo, zimamoto waje, na kama jengo ni la zamani jiji linaweza kukudai ujenge kwa viwango vya leo, gharama ambayo bima ya jengo ya kawaida hailipi bila nyongeza yake. Mi nawaambia waanze na miezi 12 tukate kushuka chini.

Wafanyakazi. California ukiwa hata na mfanyakazi 1 bima ya kuumia kazini ni lazima. Na kama mko zaidi ya mmoja, sheria inataka msimamizi 1 na mfanyakazi 1 wamalize mafunzo ya usalama kazini ya saa 30 ndani ya mwaka wa leseni, na vyeti vyao nivipate maana vinasaidia kwenye ada. Watu wanafikiria kuungua tu. Januari 2022 huko Holyoke, Massachusetts, mfanyakazi kijana aliyekuwa kwenye kazi ya kusaga bangi na kufunga misokoto alifariki kwa pumu iliyotokana na vumbi la bangi ya kusagwa, na mwaka 2023 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, wakaiandika kama kifo cha kwanza cha aina hiyo kujulikana kwenye sekta hii Marekani. Kwa hiyo mashine ya kusagia iwekee kifyonza vumbi, na mtu akikwambia kifua kinabana akifika kazini msikilize siku hiyohiyo.

Sasa bidhaa ikishatoka nje, na hapa ningependa usome polepole. Bima ya dhima ya bidhaa ndo inayokulinda mteja akidai gami zako zimemdhuru. Fungua nyuma. Mikataba mingi inatenga vepu zote. Hiyo ilitokana na ule ugonjwa wa mapafu wa wavuta vepu wa 2019, CDC walihesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki mpaka Februari 2020, waliofariki 68, na mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta, hasa ya mitaani. Nimeona kiwanda ambacho zaidi ya nusu ya mauzo ni katriji na mkataba wao umetenga vepu, yaani wanalipa kila mwezi kwa kitu ambacho hakigusi bidhaa yao kuu. Kuna kutenga kansa, kuna kutenga "madhara ya kiafya" kwa jumla (hiki kikimbie), kuna kutenga madai ya Proposition 65, ile sheria ya California ya kuonya wateja kuhusu kemikali za hatari, na moshi wa bangi uko kwenye orodha yake toka 2009, THC yenyewe, kile kilevi cha bangi, toka 2020.

Halafu tarehe. Mikataba mingi ya bidhaa za bangi inalipa kulingana na siku klemu ilipoletwa, sio siku mtu alipodhurika, na ina tarehe ya kuanzia, kilichotokea kabla yake hakilipwi. Tuseme umeuza gami 2023, ukahama kampuni 2024 kwa sababu wengine wana bei nafuu, kampuni mpya ikaandika tarehe ya kuanzia ni 2024. Mteja wa zile gami za 2023 anakushtaki 2025. Kampuni ya zamani inasema mkataba uliisha, mpya inasema kosa ni la kabla yetu. Umebaki peke yako na ulilipa bima miaka yote! Ukihama hakikisha tarehe ile ya kwanza inahama na wewe.

Na kurudisha bidhaa kutoka madukani ni bima tofauti kabisa na dhima. Novemba 2021 Michigan waliagiza bidhaa za kuvuta zilizopimwa na maabara mbili zirudishwe, mzigo uliokadiriwa kuwa wa mamilioni ya dola zaidi ya 200, baadaye jaji akaipunguza amri hiyo, ila wenye maduka na wazalishaji walikuwa wameshatoa mali kwenye rafu. Hawakuwa wamekosea chochote. Uliza kama kinga yako inalipa pale kosa ni la maabara, au inataka mpaka mtu augue kwanza.

Gari ni fupi: California anayesafirisha ni msambazaji mwenye leseni, naye anatakiwa na jimbo kuwa na bima ya dhima isiyopungua dola milioni 1 kwa tukio na dola milioni 2 kwa jumla. Dai cheti chake na jina lako liwemo. Ile dhamana ya dola 5,000 unayoiweka serikalini sio bima yako, ni ya kulipia kuteketeza mzigo ukivunja sheria, na ikilipwa utadaiwa uirudishe.

La mwisho ni kwa sisi tunaoongea lugha hii, na linanikosesha usingizi. Fomu ya bima inataka majina ya wamiliki wote, asilimia zao na sahihi. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata kwa ajira halali ya jimbo, kunaweza kukukwamisha kwenye maombi ya uraia. Nimeshawahi kusimamisha fomu mezani kwa sababu dada mmoja aliyetaka kuweka hisa zake alikuwa bado na grini kadi tu, akaenda kwanza kwa wakili wa uhamiaji. Kama bado hujawa raia, nenda kwa wakili kabla hujaja kwangu, mimi nitasubiri na fomu yako haitaondoka mezani.