Tereni sio urembo wa meza, ndo nusu ya mchezo

Jamani, sisi tunaocheza michezo ya vita ya mezani kwa sanamu ndogo za askari, leo naomba niliseme hili la tereni, yaani nyumba, magofu, vilima na miti ya mezani, hadi mwisho, maana nimeulizwa tena swali lile lile: "jeshi langu limekamilika, rangi tayari, sasa niweke nini mezani ipendeze?" Ipendeze! Mtu amekaa miezi anachagua silaha ya kila askari, kitabu cha sheria kakisoma mstari kwa mstari, halafu kitu kinachoamua kama hizo silaha zitampata mtu au hazitampata anakiona cha urembo tu, anakiacha mwisho na pesa iliyobaki. Mimi natengeneza tereni na kupanga meza za watu, na nawaambia mechi nyingi mbovu ambazo watu wanalaumu sheria au wanalaumu jeshi la mpinzani, kosa lilikuwa mezani kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Chukua meza ya kawaida, futi 6 kwa 4. Kila upande unapanga jeshi ndani ya inchi 12 kutoka ukingo wake, katikati zinabaki inchi 24. Bunduki nyingi kwenye hii michezo zinafika inchi 24. Askari wa miguu anatembea inchi 6 kwa raundi. Sasa weka vimiti vinne pembeni na kanyumba kazuri kwenye kona, piga picha, imependeza kweli, halafu niambie yule mwenye jeshi la mapanga anafikaje ng'ambo. Hafiki. Raundi tatu anapigwa risasi akiwa wazi, mnamaliza mnaambiana jeshi la mapanga ni dhaifu. Sio dhaifu, limenyimwa uwanja.

Na hili wenzetu walilijua zamani sana. Von Reisswitz, Mjerumani aliyebuni mchezo wa vita wa mezani, alipompelekea mfalme wa Prussia (dola ya Kijerumani ya zamani) mchezo huo mwaka 1812, alimpelekea meza yenye vigae vya ardhi unavyoweza kuvipanga upya kila mara. Mwanae mwaka 1824 akahamia kwenye ramani za 1:8000 (sentimita 1 ni mita 80), lakini hata hapo mchezo ulianza na ardhi, vikosi vikafuata. Sisi tumegeuza.

Kitu cha kwanza kabisa ninachoangalia ni macho, yaani nani anaweza kumuona nani kutoka alipo. Sio idadi ya vipande. Watu wanapenda kanuni ya "jaza robo ya meza", na ni mwanzo mzuri, ila unaweza kujaza robo ya meza kwa mashimo ya mabomu, uzio na vichaka vya sentimita mbili na bado kila mtu anamuona kila mtu. Vipande viko vya aina tatu na kila kimoja kina kazi yake: kuna vinavyoziba macho kabisa, kuna vinavyokupa kinga tu bila kukuficha, na kuna vinavyopunguza mwendo. Meza ikikosa aina ya kwanza haina dawa. Mimi katikati ya meza nataka angalau vipande viwili vikubwa vya kuziba, virefu kuliko kifaru chenu kikubwa na sio kuliko askari tu, halafu nainama hadi jicho langu linakuwa usawa wa meza, naanza kwenye kona moja ya eneo la kupangia jeshi naenda hadi nyingine. Nikiona njia iliyonyooka kutoka ukingo huu hadi ule bila kizuizi najua kuna mtu ataweka mzinga hapo na hatausogeza mechi nzima. Njia ya hivyo moja nairuhusu, mbili ikitegemea meza, zaidi ya hapo nahamisha kitu.

Halafu kuna magofu, na hapa ndo huwa napandisha presha. Kila muuzaji anauza gofu lenye madirisha makubwa ukuta mzima, mengine yamebaki fremu tu. Linavutia, nakubali. Ila kama sheria zenu zinatumia macho halisi, yaani ukimuona umempata, lile gofu ni wavu, umelipia ukuta usioficha mtu. Mchezo wa Warhammer 40,000, toleo la 10 la 2023, walilitatua kwa sheria, huoni kupitia gofu hata kama lina madirisha, lakini michezo mingine mingi haina hiyo huruma. Sasa ukijenga mwenyewe ziba madirisha ya chini. Weka mbao, vifusi, gunia za mchanga, chochote, ghorofa ya chini iwe imezibwa, ya juu acha wazi. Kwa kitendo hiki kimoja gofu la urembo linageuka kipande cha mchezo, na ninashangaa bado nalazimika kukieleza.

Nafasi kati ya vipande nayo watu wanaisahau. Besi za askari, vile vibao vya duara wanavyosimamia, ni milimita 25 au 32, wakubwa 40 hadi 60, na vifaru vinapita hapo. Ukiacha uchochoro wa sentimita 5 umefungia nje nusu ya jeshi la mtu bila kujua. Kabla hujabandika kwa gundi chukua besi kubwa kuliko zote mtakazotumia uipitishe kila mahali unapotaka ipite. Ngazi na ghorofa hivyo hivyo, kama besi haikai pale juu basi hiyo ghorofa ni picha.

Sasa skeli, yaani uwiano wa ukubwa wa mezani na ukubwa halisi, na wale wa "nyumba yako sio skeli sahihi" naomba watulie hapa. Askari wa milimita 28 kwa wastani tunamhesabu 1:56, yaani mdogo mara 56 kuliko mtu halisi. Kwa hesabu hiyo inchi 24 za bunduki ni kama mita 34. Mita 34! Hakuna bunduki ya kijeshi inayoishia hapo, kwa hiyo umbali wa mezani tayari umebanwa sana kuliko urefu wa askari, na ukijenga kila kitu 1:56 kamili utajaza meza kwa nyumba chache na hakuna mahali pa kupigania. Nyumba halisi ya mita 10 kwa 8 inakuja sentimita 18 kwa 14. Mti wa mita 15 unakuja karibu sentimita 27, nani anaweka mti huo? Tunaweka wa sentimita 12 na macho yanakubali. Mlango nao, wa mita 2 unapaswa kuwa milimita 36, lakini askari amesimama juu ya besi, akisogea pale anaonekana anagonga kichwa, kwa hiyo mimi nakata 42 hivi. Na ghorofa naipa sentimita 7 na nusu, sio 5 na nusu za hesabu, kwa sababu mkono wa mtu lazima uingie. Milango na madirisha yaendane na askari, ukubwa wa jengo uendane na meza. Basi.

Kujenga kwenyewe sitakaa sana. Tumia povu gumu la XPS, lile la pinki au bluu la kuzuia joto ukutani, sio lile jeupe la punje linalomomonyoka. Rangi ya kopo ya kupuliza inaliyeyusha, kwa hiyo lifunike kwanza na gundi nyeupe uliyochanganya na rangi ya akriliki nyeusi, mashimo yote. Ukikata kwa waya wa moto fungua madirisha, ule moshi sio wa kuvuta. Chini weka MDF, ubao wa unga wa mbao uliobanwa, wa milimita 3, kingo uzisage ziwe mteremko, na upake pande zote mbili maana ukipaka juu tu inakauka imepinda kama kigae. Mchanga, rangi nyeusi, kahawia, kisha rangi ya mwanga zaidi kwa brashi iliyokaribia kukauka, nyasi mwisho.

Vilima ndo sijakata shauri hadi leo. Vya ngazi vinachezeka, askari anasimama, kila mtu anajua yuko kiwango gani, ila vinaonekana kama keki. Vya mteremko vinaonekana kama ardhi, na askari wa chuma wanateleza usiku kucha. Kuna watu makini pande zote mbili na kila mmoja ana hoja. Na zile meza pacha, upande huu sawa kabisa na ule kwa ajili ya mashindano, ni za haki, nazipanga nikiombwa, lakini nahisi zinaua kitu, kwa sababu mchezaji hasomi tena ardhi, anakumbuka mpangilio. Pengine haki kamili na ardhi yenye maana havikai meza moja, au pengine bado hatujapata namna.

Kwa hiyo wewe mwenye jeshi lililokamilika, kabla hujanunua kikosi kingine, jenga magofu mawili ya kuziba macho, marefu, yenye madirisha yaliyozibwa chini. Vichaka vitafuata.