Je, wajua kwa nini mechi ya saa 9 ya Uingereza huonekana Chake Chake lakini haionekani Manchester?

Jumamosi, saa 9 alasiri kwa saa za London, mtu wa Chake Chake, Pemba, mwenye king'amuzi huitazama Ligi Kuu ya Uingereza mubashara. Mtu wa Manchester, hata akikaa jirani na uwanja wenyewe, hawezi kuiona kwenye televisheni yake.

Waingereza wamejiwekea zuio. Kwa kawaida, Jumamosi kuanzia saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni, mpira haurushwi mubashara nchini mwao. Lilianza miaka ya 1960, likipiganiwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu akiletewa timu kubwa hadi sebuleni, hatoki tena kwenda kuilipia kiingilio timu ndogo ya mtaani kwake, na timu ndogo huishi kwa kiingilio. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo imeitambua haki ya kuweka zuio hilo katika Kifungu cha 48 cha katiba yake.

Kinga hiyo huishia mipakani mwao. Kwetu haifiki.

Tupige hesabu ya saa. Wakati wa baridi yao tunawatangulia kwa saa 3. Mechi yao ya mapema, ya saa 6:30 mchana, huanza kwetu saa 9:30 alasiri. Nusu saa baadaye, saa 10, ndipo refa anapopuliza filimbi kwenye viwanja vyetu vingi, maana viwanja vya madaraja ya chini havina taa na mpira lazima uishe kabla ya magharibi. Agosti tunawatangulia kwa saa 2 tu, na hapo mechi zao za saa 9 hutuangukia saa 11 jioni, kipindi cha pili kikianza.

Hivyo klabu ya daraja la pili ya Wete hugombea watu wale wale na Arsenal, na banda la mpira lina kivuli na viti.

Si kwamba hatuna mpira wa kutazama. Mlandege, klabu ya Zanzibar, ilitwaa Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, na Januari 2024 iliifunga Simba 1-0 kwenye fainali pale Amaan.

Matangazo ya Uingereza hatuwezi kuyazuia, wala sitaki mtu anyimwe. Ila ratiba ya mechi zetu ni yetu. Mechi zao za katikati ya wiki kwa kawaida huanza kwetu usiku. Jumatano saa 10 alasiri, televisheni ya banda haina Arsenal.