Mwili haujazoea njaa, umebana matumizi

Januari na Februari ghala nyingi za vijijini Dodoma zinakaribia kuisha. Mvua za Desemba zimeotesha uwele na mtama, mavuno bado, na palizi imepamba moto. Jembe linataka nguvu wakati huohuo chungu kimepungua. Ndipo maneno haya husikika zaidi.

"Sisi tumeshazoea, mlo mmoja unatosha"

Mwili hujirekebisha kweli, na hujirekebisha kwa ustadi. Akiba ya sukari kwenye ini huisha ndani ya siku moja hivi mtu asipokula. Mafuta huanza kuchomwa, ini huyageuza sehemu yake kuwa ketoni, nishati mbadala, na ubongo hupokea ketoni hizo mahali pa sehemu kubwa ya sukari. Bila hilo, misuli ingevunjwa haraka sana ili kutengeneza sukari ya ubongo.

Chakula kikiendelea kuwa kidogo kwa wiki na miezi, homoni za tezi ya shingo hushuka, mapigo ya moyo hupungua, mtu huhisi baridi, mwanamke anaweza kukosa hedhi, mtoto husimama kukua. Kila kimoja hapo ni huduma iliyokatwa.

Mwaka 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kula takribani kilokalori 1,600 kwa siku kwa miezi sita hivi. Walipoteza karibu robo ya uzito, na nishati waliyotumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa takribani asilimia 40. Wengi hudhani punguzo lote hilo ni ujanja wa mwili. Sehemu kubwa ilitokana na jambo la wazi kabisa: mwili wenyewe ulikuwa umepungua, na mwili mdogo hula kidogo.

Isitoshe, kama kuzoea kungekuwa kinga, Mtunya isingeua watu wengi vile. Hiyo ni njaa ya Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ya miaka ya 1917 hadi 1920, pale vita vilipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha ukame ukafuata.

"Anashinda chini ya mbuyu, mvivu tu"

Hii ndiyo inayonikera. Nishati ikipungua, miondoko isiyo ya lazima hukatwa mapema: kutembea ovyo, kucheza, kusimama wakati mtu anaweza kukaa. Wale wanaume wa Minnesota, vijana waliochaguliwa kwa uimara wao, walizorota vivyo hivyo, wakawa wanawaza chakula tu. Mtoto asiyecheza, naye huambiwa ni mpole.

"Bila nyama hakuna protini"

Gramu 100 za uwele zina takribani gramu 11 za protini. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku, hivyo ugali wa kutosha humfikisha karibu. Kasoro ya nafaka ni laisini, moja ya asidi-amino (matofali ya kujengea protini), iliyo chache humo. Kunde huijaza vizuri, kwa hiyo ugali wa uwele kwa kunde si chakula cha kuonea aibu. Karanga kwenye mlenda huongeza protini na mafuta, ingawa kwa laisini hazifikii kunde.

Protini ikiwa chache, ini hupunguza kuchoma asidi-amino, na urea, taka ya uchomaji huo, hushuka kwenye mkojo. Urea nyingine huingia utumbo, bakteria huivunja, na sehemu ya nitrojeni yake hutumika tena. Lakini mwili hauna ghala la protini: iliyopo yote ina kazi, iwe kwenye msuli, kimeng'enya au kinga. Na ugali ukipungua, protini hiyo kidogo huchomwa kama kuni. Ndiyo maana kumwongezea mtu kipande cha nyama huku nishati yote haitoshi husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa.

"Mashavu yamejaa, mtoto amenawiri"

Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Shimo likibaki, ni maji, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni unyafuzi, wengine huita kwashakoo. Zamani ulielezwa kuwa ni ukosefu wa protini tu. Leo maelezo hayo hayatoshi, maana kati ya watoto wanaokula chakula kilekile, hata mapacha, mmoja huvimba na mwenzake hukonda tu.

"Mpe mayai na nyama kwa wingi apone haraka"

Mwili uliobana matumizi hauwezi kupokea mengi kwa ghafla. Sukari ikiingia kwa wingi, insulini hupanda na kusukuma madini ya fosfeti na potasiamu ndani ya seli. Kwenye damu madini hayo hupungua, na moyo unaweza kusimama. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye utapiamlo mkali uliochanganyika na maradhi huanzishiwa hospitalini maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 na protini isiyofika gramu moja kwa kila mililita 100, kidogokidogo usiku na mchana. F-100, yenye protini karibu gramu tatu, hufuata baada ya siku kadhaa, hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua.