Kabla hujaihukumu turbo

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa ugonjwa wa turbo yana turbo nzima. Kilichoharibika ni kile kinachoiamuru: mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa), solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme), sensa, au waya ulioguguniwa na panya. Lakini dereva anafika akiwa ameshasomewa namba ya hitilafu na mashine ya kupimia huko njiani, ameambiwa "turbo imekufa", na kichwani ana bei ya turbo ya mtumba kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala. "Fundi, wewe nifungie tu." Sifungi, mpaka nijue gari linalia nini.

Namba P0299 inasema jambo moja: kompyuta ya injini iliomba presha fulani ya hewa ikapata pungufu. P0234 ni kinyume chake, hewa ilizidi. Namba zote mbili hazisemi lolote kuhusu spea ya kununua. P0045 angalau inakupeleka upande wa umeme, kwenye saketi ya solenoidi au mota ya turbo, na hapo unaanza na multimita, kile kipimo cha umeme.

Uganda, tangu sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, dizeli za zamani zenye turbo isiyo na ujanja zinazidi kupungua. Tunazopokea sasa, kuanzia Prado hadi pikapu za Nissan na Mitsubishi, nyingi zina turbo yenye vipanga, yaani vibapa vidogo vya chuma, vinavyogeuka. Vipanga hivyo vimepangwa duara upande wa moshi. Vikijibana, moshi unapita kwenye upenyo mwembamba kwa kasi, na turbo inaamka mapema. Vikiachia, moshi unapita bila kusukumana. Kwenye aina inayotumia vakyumu, kinachovigeuza ni fimbo iliyotoka kwenye kopo lenye kiwambo cha mpira ndani. Vakyumu ikivuta, vipanga vinajibana. Vakyumu ikikosekana vinabaki wazi, na gari linakuwa zito mpaka boda boda zinakupita mlimani.

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji hata kuwasha injini. Funguo iwe kwenye ON, kisha nasoma kwenye mashine presha ya sensa ya turbo na presha ya hewa ya nje. Injini ikiwa imelala, namba hizo mbili lazima zikaribiane sana. Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa sababu wamekariri kilopaskali 101. Hiyo ni ya Mombasa na Dar es Salaam. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina kilopaskali 88 hivi. Sensa ikiniambia 101 nikiwa nimesimama Ndeeba, hapahapa Kampala, inadanganya, na kila hesabu ya kompyuta itajengwa juu ya uongo huo. Mara nyingi ukiifungua unakuta imezibwa na masizi yaliyochanganyika na oili. Isafishe taratibu, pima tena, na kama bado inang'ang'ania uongo ndipo ununue nyingine.

Mwinuko huohuo unawachanganya watu kwenye geji ya vakyumu. Ukisoma kitabu kinachotaka milimita 700 za zebaki, ujue kimeandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Anga lote la Kampala lina 660 hivi, basi hakuna pampu ya vakyumu itakayokupa 700 hapa, hata iwe mpya kutoka kiwandani. Mimi nikiona 600 na ushee, na sindano imetulia, pampu naiacha. Kuna pampu nzima zilizotupwa mjini hapa kwa kosa la kuwa Kampala.

Kuna malalamiko ya madereva wa safari ndefu ambayo watu huyadharau: "Gari lilikuwa zuri toka Kampala, limenisumbua nilipopita Ntungamo kuelekea Kabale." Anasema kweli. Kabale iko kwenye milima, na hewa inashuka hadi karibu kilopaskali 80. Kompyuta ikitaka 200 ndani ya injini, Kampala turbo inaongeza 112, Kabale inatakiwa kuongeza 120, tena kwa hewa nyembamba. Kompyuta nyingi hupunguza madai yake kadiri gari linavyopanda, lakini turbo bado inazunguka kwa kasi zaidi. Paipu la intakula (kipoza hewa ya turbo) lenye ufa mdogo, ambalo Kampala halikuonyesha dalili yoyote, linafichuka kwenye vilima vile.

Baada ya sensa, naangalia fimbo. Mmoja awashe injini, mwingine atazame. Kwenye mifumo mingi ya vakyumu, injini ikiwaka fimbo inavutwa, ikizimwa inarudi. Isipotikisika, nachomoa mpira kwenye kopo na kuweka pampu ya mkono. Nikivuta, fimbo iende laini bila kukwama, na sindano ya geji ibaki palepale nikiacha kuvuta. Sindano ikishuka, kiwambo kimetoboka. Fimbo ikienda vizuri, turbo na kopo lake vimejitetea, na mshtakiwa yuko nyuma: naweka geji kwenye mpira unaoingia kwenye solenoidi, halafu kwenye unaotoka. Vakyumu ikiingia nzuri na kutoka dhaifu, ama solenoidi ni mbovu ama haipati amri, na multimita itaamua.

Sasa hiyo solenoidi ina tundu la tatu ambalo watu hawalioni, la kupumulia, lenye kichujio kidogo cha sponji. Gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi, sponji inaziba. Ikiziba, vakyumu haiachii haraka, vipanga vinabaki vimebanwa wakati injini imeshapanda mizunguko, hewa inazidi, P0234, na kompyuta inakata nguvu kujilinda. Dereva anazima, anawasha, gari linapona hadi mlima unaofuata. Dalili hiyohiyo inaletwa na vipanga vilivyoganda masizi, kwa hiyo zitenganishe kwa pampu ya mkono: fimbo ikikwama njiani ni masizi, ikienda laini kagua ile sponji kwanza. Sponji bei yake ni ya kucheka.

Masizi yenyewe yana baba yao. Injekta zinazovuja, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyoganda wazi, au gari linaloshinda linaunguruma kwenye foleni ya Jinja Road. Ukisafisha vipanga na kuacha injekta zinavuja, mtaonana tena. Na ukifungua, usiguse ile skrubu ndogo ya kikomo cha fimbo. Imepangwa kiwandani kwa kupima hewa inayopita, na anayeizungusha kwa kukisia anatengeneza ugonjwa ambao mashine haitamtajia.

Hewa inayovuja nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa wengi wanaijua: ziba njia, ingiza hewa ya kompresa isiyozidi bar moja, paka povu la sabuni, na usisahau upande wa chini wa paipu, ndiko zinakopasukia na kuacha doa la oili. Ekzosi iliyoziba nayo inainyima turbo pumzi, na presha ya dizeli ikiwa chini moto unapungua, moshi unakosa nguvu ya kuizungusha. Uchezaji wa shafti kidogo kushoto na kulia si ugonjwa, maana inaelea kwenye oili. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, hapo ndipo nakubali kwamba turbo imekwisha.

Prado zenye injini ya 1KD hazina kopo la vakyumu; mota ya umeme ndiyo inayovigeuza vipanga. Kwenye turbo za umeme, P2563 inakuambia sensa ya mkao wa vipanga hairidhishi. Zingine mota haibadilishwi peke yake bila kufundishwa upya mwanzo na mwisho wa mwendo wake, na anayekuuzia mota tupu muulize kwanza kama ana mashine ya kazi hiyo.

Nikimaliza, sikabidhi gari kwa kuzima taa tu. Tunapanda kilima cha Muyenga na dereva, gia ya tatu, mguu chini, mashine ikiwa imechomekwa, nikilinganisha presha iliyoombwa na iliyopatikana. Zikifuatana mpaka juu, namwambia aisahau ile turbo ya Kisekka.